Tupa Tatu kwenye Mdomo wa Kinu

Nyinyi vijana mkitaka sumaku siku hizi mnavunja spika. Nimewaona hapa Bwera, nyuma ya maduka ya simu, mnaponda redio mbovu kwa jiwe mpaka lile duara jeusi lidondoke, kisha mnakimbia nalo kana kwamba mmeokota dhahabu. Sina ugomvi nanyi. Sumaku ya spika ina nguvu kuliko zote nilizowahi kutengeneza kwa mikono yangu. Ila mkiulizwa kile chuma kimekuwaje sumaku, mnatazamana na kucheka, na hapo ndipo mnaponiudhi.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme, kwanza jeshini pale Kasese, halafu kwenye kibanda changu hapa Bwera, nikisuka upya mota zilizoungua. Sasa macho hayaoni tena waya mwembamba, na vidole vimeanza kutetemeka bila ruhusa yangu, kwa hiyo nimekaa kuandika. Nataka kuwaambia jinsi tulivyokuwa tunageuza chuma cha pua kuwa sumaku kwa umeme wa betri, na kosa nililofanya ambalo nusura limpokonye mwanamke mmoja kinu chake. Msitegemee nifuate mpangilio. Mzee akikumbuka, hukumbuka kama anavyotembea, anasimama anapotaka.

Aliyenifundisha ni Sajini Ojok, mkuu wa karakana ya umeme kambini. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwembamba, mwenye subira ndogo sana. Kambini tulitoka kila kona ya Uganda, na kilichotuunganisha kilikuwa Kiswahili cha jeshi, ambacho nusu yake ni amri. Sajini alikuwa na bisibisi moja ya mpini wa mbao aliyoipenda kupita kiasi. Skrubu ikidondoka ndani ya injini ya lori, mafundi wengine walikuwa wanajiandaa kufungua nusu ya injini. Yeye alichomeka bisibisi yake kwenye lile giza, akaitoa taratibu, na skrubu iko kwenye ncha. Halafu alituangalia mmoja mmoja.

Siku moja alinipa bisibisi ya pili akataka nayo iwe sumaku.

"Zungusha waya, peleka moto, leta hapa. Upesi!"

Akaenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa mgeni kazini na mwenye kiherehere, na niliona kuuliza swali ni aibu. Nikazungusha waya kama mara ishirini hivi, nikachomeka ncha zake mbili kwenye soketi ya ukutani.

Mlio uliotokea uliwafanya askari wawili waliokuwa wanapita nje walale kifudifudi. Moshi ulijaa karakana. Fyuzi iliyokatika ilikuwa ndiyo inayopeleka umeme kwenye mesi ya maofisa, na maofisa walikuwa wanasubiri chai.

Sajini alirudi, kikombe chake bado mkononi.

"Nani naua umeme?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini?"

"Ulisema nipeleke moto, afande."

Aliutazama waya ulioungua, akanitazama mimi. Nilidhani atanipiga. Badala yake aliniamuru nisimame wima, kisha akaanza: mbele tembea, nyuma geuka, mbele tembea, nyuma geuka. Nilikwenda na kurudi mpaka jasho likanitoka.

"Umefika wapi?"

"Sijafika popote, afande. Niko palepale."

"Sasa sikiza. Moto ya ukuta iko hivyo. Naenda mbele, narudi nyuma, mbele, nyuma. Chuma nachanganyikiwa, haiwezi kushika amri yoyote. Betri nasema mbele tu. Ukitaka sumaku, tumia betri. Na ukigusa ukuta tena na waya, utalala ndani."

Nawaambia nanyi kama nilivyoambiwa: msiguse ukuta. Mimi nilipona kwa bahati, na bahati haigawiwi sawasawa.

Adhabu yangu ilikuwa kuzungusha mizunguko mia nne ya waya mwembamba kwa mkono, nikihesabu kwa sauti. Nikikosea, naanza upya. Wenzangu waligundua haraka, na kila aliyepita mlangoni aliniuliza saa ngapi, au tarehe ngapi, ili hesabu inipotee. Nilianza upya mara sita. Lakini tangu siku ile vidole vyangu vilijua kazi ya kusuka, na kazi hiyo ndiyo imenilisha maisha yangu yote.

Koili hiyo ya waya ilipokwisha, Sajini aliniletea boliti nene na tupa kuukuu, ile tupa ya kunolea panga. Akatia boliti ndani ya koili, akaunganisha betri ya gari. Boliti ikabeba misumari kumi na zaidi. Akaachanisha waya. Misumari yote ikaanguka mezani. Akatia tupa, akaunganisha, akahesabu mpaka tano, akaachanisha. Tupa ikabaki na misumari yake.

"Boliti ni chuma laini. Hii ni kuruta. Ofisa iko, kuruta nasimama. Ofisa naenda, kuruta nakaa chini. Tupa ni chuma ya pua. Hii ni askari ya zamani. Ulimpa amri asubuhi, jioni bado nashika. Umeelewa?"

"Ndiyo, afande!"

Nilijibu kwa sauti kubwa ya jeshi. Kisha nikalisahau somo hilo kwa miaka kumi na mitano.

Nilipoacha jeshi sikurudi kwetu. Nilikuwa nimeizoea milima hii, nikafungua kibanda hapa Bwera, karibu na barabara iendayo mpakani. Mkabala na kibanda changu palikuwa na kinu cha umeme cha mwanamke aliyeitwa Kabugho. Alikuwa mjane. Kinu kile ndicho kitu pekee alichoachiwa na marehemu mumewe, na ndugu za mumewe walikuwa wanakitolea macho. Walishasema hadharani kwamba siku kikimshinda watakichukua wao. Kabugho aliwasikia, akaendelea kusaga.

Watu wa hapa hula bundu, ugali wa unga wa muhogo, ambao ng'ambo ya mpaka huitwa bukari. Muhogo hukaushwa popote jua linapowaka, na hasa kandokando ya lami, maana lami hushika joto na muhogo hukauka upesi. Nyinyi mmezaliwa mkiuona umeanikwa hapo, mnaukwepa kwa pikipiki. Lakini malori yaendayo Kongo nayo hupita hapohapo, yakidondosha misumari, nati, vipande vya waya na vizibo vya soda. Anayezoa muhogo jioni huzoa na chuma. Kabugho alikuwa anachambua kila gunia kwa mkono kabla ya kulimimina kwenye kinu, na bado vingine vilimponyoka, vikavunjwavunjwa ndani na kutokea kwenye unga.

Siku moja alivuka barabara akaja kwangu, akanionyesha viganja vyake. Vilikuwa na mikwaruzo kila mahali.

"Fundi, weye uko mutu wa umeme. Tafuta kitu ya kukamata hii vyuma. Mikono yangu imechoka kukatika."

Nasema ukweli, nilitaka kumpendeza. Nilikuwa nimeshaanza kupita pale kinuni hata siku ambazo sikuwa na cha kusaga. Kwa hiyo nikatengeneza kitu cha kuonekana. Nilichukua boliti nene kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaisukia waya kutoka mota iliyoungua, nikaiunganisha na chaja ya betri iliyochukua umeme kwenye swichi ya kinu. Nikaifunga kwenye mdomo unaotoa unga, juu kidogo ya gunia. Kinu kikiwaka, boliti inakamata. Jioni ukizima swichi, chuma chote kinadondoka chenyewe kwenye kopo uliloweka chini, huna haja ya kukwangua. Hilo la kudondoka lenyewe ndilo nililojivunia zaidi. Nilimwonyesha Kabugho mara tatu. Alipiga makofi, akasema, "Wasingya, fundi," yaani asante kwa Kikonzo, na mimi nikarudi kibandani kifua mbele.

Wiki mbili nzima umeme haukukatika hata mara moja, jambo ambalo hapa kwetu ni muujiza. Laiti ungekatika siku ya kwanza, wakati boliti haina kitu.

Ulikatika mchana mmoja, gunia la Mzee Baluku likiwa chini ya mdomo wa kinu. Mzee Baluku alikuwa anamwoza binti yake, na unga ule ulikuwa wa karamu. Umeme ulirudi baada ya muda, Kabugho akawasha, gunia likajaa, likashonwa, likaondoka. Hakuna aliyetazama ndani. Nani angetazama, na fundi ameshaweka mtambo?

Mimi nilialikwa kwenye karamu ile. Nilikuwa nimekaa na wazee wa mtaa, tonge mkononi, wakati mjomba wa bwana harusi, mtu mzito aliyetoka ng'ambo ya mpaka na suti yake ya kahawia, aliposimama ghafla ameshika shavu.

"Ah, non! Iko musumari mu bukari! Munapenda tukufe?"

Akatema kwenye kiganja nusu ya msumari na kipande cha jino. Kisha mtu mwingine akatoa nati kwenye tonge lake, na mwingine kipande cha waya. Wanawake waliopika walishika vichwa. Mzee Baluku alikuwa amesimama katikati ya wakwe zake, hajui aanzie kuomba radhi wapi. Nikamsikia mtu akiuliza unga ulisagwa kwa nani, na mwingine akajibu.

Nililielewa jambo zima kabla sijameza lile tonge. Chuma cha asubuhi nzima kilikuwa kimening'inia kwenye boliti yangu, na umeme ulipokatika, boliti ilikiachia chote kwenye gunia moja. Nikaweka tonge chini, na sikusema kitu. Nilijiambia kwamba mwenye kosa ni umeme. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani, na kila hatua nilizidi kujidharau.

Kesho yake mwenyekiti wa mtaa alikuja kinuni na watu wengi nyuma yake. Shemeji mmoja wa Kabugho alikuwa miongoni mwao, na alikuwa anatabasamu.

"Mama," mwenyekiti alisema, "batu beko nasema kinu yako itaua mutu. Funga leo. Siku ya soko utasaga mbele ya bote, tuone. Kama chuma ikitoka tena, hutafungua."

"Tutaichukua siye," shemeji akadakia. "Kazi ya kinu haiko ya mwanamuke."

Mwenyekiti akauliza ni nani aliyefunga ule mtambo mdomoni mwa kinu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, koleo mkononi, hatua ishirini tu. Kabugho alinitazama. Hakuninyooshea kidole.

"Kinu ni yangu," akasema. "Uliza miye."

Vijana, nimeadhibiwa na sajini, nimelala ndani, nimepigwa shoti za umeme nisizoweza kuzihesabu. Hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Na bado sikuvuka barabara.

Walipoondoka, nilikwenda nikaufungua mtambo wangu bila kumtazama usoni, nikaurudisha kibandani. Niliunganisha boliti na betri yangu, nikaitia kwenye kopo la misumari, ikabeba. Nikaachanisha. Misumari ikatawanyika sakafuni. Nikarudia mara nyingi, kama mtu aliyechanganyikiwa, mpaka nikaisikia sauti ya Sajini Ojok kichwani, wazi kabisa, miaka kumi na mitano baadaye. Hii ni kuruta. Nilicheka peke yangu, kisha nikatafuta tupa.

Nilizipata nne, kuukuu, meno yamekwisha. Tupa iliyokwisha meno haitupwi. Chuma chake ni kigumu, cha pua, na hicho ndicho kinachoshika. Shida ilikuwa betri. Yangu ilikuwa imechoka, na umeme wa kuichajia ulikuwa umekatika tena. Kesho yake asubuhi nikafunga tupa na waya ndani ya shuka, nikapanda gari mpaka njiapanda ya Kikorongo, ambako malori husimama na mahindi ya kuchoma hayakosekani. Dereva mmoja wa lori la saruji, mtu mcheshi, alikubali kunifungulia betri yake.

Kazi yenyewe ni hii. Unaifunga tupa kwa karatasi ngumu, unasuka juu yake waya wa shaba wenye vanishi, mzunguko ukibanana na mzunguko, na wote uelekee upande mmoja. Ukigeuza upande katikati, nusu ya koili itapigana na nusu nyingine. Waya usio na vanishi haufai, umeme utakatiza njia na kupita mkato. Ncha moja unaifunga kwenye betri. Ile nyingine unaiunganisha na kipande kirefu cha waya, na mguso wa mwisho unaufanya mbali na betri, maana betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche. Unagusa, unahesabu mpaka tano, unaachia. Waya utapata joto, uache upoe, kisha unarudia. Wakati umeme unapita, unaigonga tupa polepole kwa mpini wa mbao. Ndani ya chuma kuna chembe nyingi, kila moja ikitazama kwake, na kule kugongagonga kunazisaidia zigeuke pamoja wakati amri inatolewa. Ukishaachanisha umeme, usigonge tena. Sasa kugonga ni kuzitawanya.

Dereva alikuwa amechuchumaa karibu yangu, gunzi la mahindi mkononi.

"Fundi, hiyo ni dawa ama ni bomu?"

"Sumaku."

"Wacha bwana! Chuma ya kunoa panga?"

Nilisogeza tupa karibu na funguo zake alizoweka juu ya bampa. Zikaruka, zikanasa. Dereva aliruka pia, kisha akaita wenzake wote, na ikabidi nirudie mchezo ule mara nne kabla hawajaniruhusu kuondoka. Katika mchezo ule tupa moja iliniponyoka ikaanguka kwenye lami. Ikakatika vipande viwili kama biskuti, maana chuma kigumu hivyo hakina huruma kwa anayekidondosha. Nikarudi Bwera na tatu, nimezilaza kwenye shuka na vipande vya chuma laini kwenye ncha zake ili zisipoteze nguvu njiani.

Mdomo wa kinu ulikuwa wa bati, na bati nalo ni chuma, lingeinyonya sumaku yote. Nikachonga mdomo mpya wa mbao, nikazipanga tupa tatu ndani yake kama vyuma vya dirisha, unga upite katikati. Mkono wangu ulikuwa umeshainua nyundo ili nizigongee zikae vizuri. Nikaiweka chini. Nikazibana kwa kabari za mti, kwa kusukuma na kidole gumba tu. Kabugho alikuwa ananishikia taa ya betri, maana ndani ya banda kuna giza hata mchana. Hakuniuliza chochote kuhusu siku ile, nami sikuwa na ujasiri wa kuanza.

Siku ya soko banda lilijaa. Mwenyekiti alileta mwenyewe kikapu cha muhogo kutoka kandokando ya lami, haujachambuliwa. Kabugho akawasha. Unga ukaanza kushuka. Kinu kilipofika katikati ya kazi, mwenyekiti akainua mkono.

"Zima!"

Kabugho akavuta swichi kubwa. Kinu kikaguna, kikapunguza mwendo, kikanyamaza. Mzee Baluku akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akatafuta. Akaomba chekecheo, akachekecha gunia zima sakafuni juu ya mkeka, kidogo kidogo. Hapakutoka hata kipande. Kisha nikafungua mdomo wa mbao. Tupa zote tatu zilikuwa zimeota ndevu za chuma.

Watu wakaanza kupiga makelele ya furaha. Yule shemeji aliondoka kimyakimya. Mwenyekiti alisubiri makelele yapungue, akauliza tena:

"Na ile ya kwanza ilitengenezwa na nani?"

Kabugho alikuwa ameshafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Ni miye. Mama huyu hana kosa lolote. Nilifunga chuma kisichofaa, na nilijua tangu siku ya karamu, nikanyamaza. Mzee Baluku, nisamehe."

Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mota yoyote niliyowahi kuinua. Mzee Baluku alijipangusa mkono uliojaa unga.

"Basi utaleta mbuzi," akasema. "Na weye mwenyewe utaipeleka kwa wakwe."

Nilipeleka. Yule mjomba mwenye suti ya kahawia alimla mbuzi wangu kwa upande mmoja wa mdomo, na kabla sijaondoka alinitaka nimtengenezee na yeye sumaku.

Jioni ya siku ile ya soko, watu walipokwisha kuondoka, nilimuuliza Kabugho kwa nini hakunitaja kwa mwenyekiti.

"Ningesema jina lako," akajibu, "wangekufukuza. Nani angenitengenezea ya pili?"

Sikujua kama anatania. Akachomoa kwenye kitambaa chake cha kichwa sindano ya kushonea magunia, akaisogeza karibu na tupa. Sindano ikamtoka vidoleni, ikanasa. Akaitoa, akaisogeza tena, ikanasa tena. Umeme ulikuwa bado umezimwa.

"Umeme haiko, na bado inakamata," akasema polepole. "Inakumbuka?"

"Inakumbuka."

Tulioana mwaka uliofuata. Kinu hutetemeka kutwa nzima, na mtetemo ni adui wa sumaku, kwa hiyo nilimwambia apime nguvu za tupa mara kwa mara. Akaifanya iwe kazi yake. Kila asubuhi ya siku ya soko, kabla ya kuwasha, alichomoa sindano, akaisogeza, ikaruka, akanigeukia na kusema, "Bado inakumbuka." Kisha akavuta swichi. Mimi nilikuwa kibandani ng'ambo ya barabara, na nilikuwa nainua mkono kumwonyesha kwamba nimesikia, hata siku ambazo malori yalipiga kelele na sikusikia kitu. Tulifanya hivyo mpaka nywele zetu zikawa nyeupe, na wala si kwa unga.

Kabugho amefariki. Umepita mwaka na miezi kadhaa. Kinu sasa anakiendesha binti yetu Masika, na anakiendesha vizuri. Mimi sikuvuka barabara kwa muda mrefu. Niliwaambia watu ni magoti. Haikuwa magoti. Niliogopa kwamba tupa zimechoka, kwamba nitasogeza sindano na haitaruka, na sikuwa tayari kwa kifo kingine ndani ya banda lile.

Juzi siku ya soko Masika alikuja kibandani asubuhi, akaniwekea sindano ya mama yake kiganjani.

"Baba, mashine inangoja. Nani atapima?"

Nikavuka. Banda lilikuwa na giza lilelile na harufu ileile ya muhogo. Umeme ulikuwa umekatika. Vidole vyangu vilitetemeka hata nikashindwa kujua ni uzee au ni hofu. Nikaisogeza sindano, na kabla haijafika, ikanitoka mkononi ikaruka.

Nikasema mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa mwenye kusema hakuwapo: "Bado inakumbuka." Kisha nikalia, na Masika akanisubiri nimalize kabla ya kufungua mlango kwa wateja.

Kwa hiyo njooni, vijana. Leteni tupa zenu kuukuu na waya wa mota mbovu, nami nitawaonyesha kabla vidole havijagoma kabisa. Pitieni kinuni kwanza, mwombeni Masika awafungulie mdomo wa mbao, mzione zile tupa tatu. Juu ya ile ya katikati mtakuta sindano ya kushonea magunia. Msiitoe.